Vichekesho Visivyojua Kuaga

Jamani, mimi sina ugomvi na kuchekeshwa. Kwa vumbi hili la Dodoma, upepo wa Agosti ukishamalizana na wewe unafika nyumbani Nkuhungu una rangi ya tofali la kuchoma, kwa hiyo kucheka kidogo kabla ya ugali na mlenda ni haki yako ya kikatiba. Ugomvi wangu ni na hawa walionichekesha mwaka wa kwanza, wakanichekesha mwaka wa pili, halafu mwaka wa tisa bado wamo kwenye kioo wananitolea macho wanangoja nicheke kwa kuheshimu yaliyopita.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa kwenye televisheni nani anatoa jembe? Hakuna! Wanampa mgeni godoro jipya.

Chukua Happy Days ya Wamarekani, iliyoanza 1974. Humo kuna kijana anaitwa Fonzie: koti la ngozi, pikipiki, akigonga mashine ya muziki kwa ngumi inaanza kupiga. Kijana safi, hana neno. Kufika 1977 waandishi wameishiwa. Wakampeleka baharini, wakamvika mbao za kuteleza juu ya maji, boti ikamvuta, akamruka papa. Papa, samaki! Na koti la ngozi kavaa, chini kaptula. Mtu anaingia baharini na koti la ngozi na nchi nzima inaangalia. Wamarekani hadi leo wakiona kipindi kimechuja wanasema kimeruka papa, maana tukio hilo halikusahaulika. Ungedhani baada ya aibu ile walifunga virago. Thubutu! Waliendelea mpaka 1984. Miaka 7 baada ya papa, ndugu yangu. Papa mwenyewe hakudumu hivyo.

Na familia ile ilikuwa na mtoto mkubwa, Chuck. Akapotea humo mwanzoni mwanzoni. Hakuna matanga, hakuna RB polisi, wazazi wanakula tu mezani kama kawaida. Hapa kwetu akipotea mbuzi mtaa mzima unatangaziwa.

Ila wa kunipandisha presha ni The Simpsons. Katuni ile ilianza kama kipindi kamili mwaka 1989. Yule mtoto Bart ana miaka 10, yuko darasa la nne. Mwaka 1989! Leo hii yuko wapi? Darasa la nne! Wenzake tungekuwa tunawaona wana vitambi na mikopo ya kikoba, yeye bado na kaptula na mkoba wa shule. Angekuwa mtoto wa Kikuyu au Chang'ombe hapa, mwalimu mkuu angeshaita kikao cha wazazi, mkuu wa mkoa angekuwepo. Na mdogo wake bado ananyonya chuchu ya plastiki. Mama mtu huyo ana uvumilivu.

Sasa unaniuliza kwa nini hawaachi. Hela, nini kingine? Kule Marekani kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba kipindi kikifikisha kama sehemu 100 hivi, kinauzika kwa vituo vingine vikirudie kila siku mpaka wajukuu. Kwa hiyo hata kama utani umeisha kwenye sehemu ya 60, wanavuta kamba. Na mtu akishaonja hela ya 100 anaanza kuitamani ya 200. Mwigizaji akigombana na wakubwa, anaondolewa, duka halifungwi. Kichekesho cha Two and a Half Men walimfukuza mwigizaji wao mkuu, Charlie Sheen, mwaka 2011, kwenye hadithi wakasema ameuawa na treni Paris, wakamwingiza Ashton Kutcher, wakasonga hadi 2015. Sisi treni ya umeme imefika Dodoma 2024 watu tunapiga nayo picha tumevaa suti, wenzetu wanaitumia kuachishia mtu kazi.

Waingereza nao, usiwaone wapole. Wana kipindi kinaitwa Last of the Summer Wine. Nilivyosikia kuna mvinyo kwenye jina nikakaa vizuri, si unajua mkoa wetu ndio wa zabibu. Wapi! Wazee watatu wanazurura milimani, mara waingie ndani ya beseni la kuogea lenye magurudumu wateremke nalo. Kilianza 1973. Mwaka uleule TANU walipoamua makao makuu yahamie Dodoma! Wazee wale wameteremka, wameteremka, mmoja akifariki analetwa mwingine, wamekuja kumaliza 2010, na wizara bado ziko Dar es Salaam. Zilianza kuja kwa kasi 2016. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nakubali kuna kitu kilichochelewa kuliko kichekesho.

Wenye akili wapo, tusiwafiche. John Cleese na Connie Booth waliandika Fawlty Towers, kichekesho cha hotelini, sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za 1979, wakafunga hoteli. Mr. Bean yule unayedhani yuko miaka yote, sehemu zake za televisheni ni 15 basi. Ingawa naye 2002 walimrudisha kama katuni, maana kupumzika nako kumbe kunahitaji kibali.

Hapa nyumbani sitaji mtu, Bongo ni ndogo na mimi napanda daladala. Mzee Majuto tu ndiye nampa ruhusa ya milele. Huyo alichekesha mpaka Mungu alipomchukua 2018, na hakuna aliyewahi kumwangalia saa.

Shida yangu ni shemeji. Kaka wa mama watoto, alikuja kutoka Kondoa kwa usaili. Usaili ulikuwa wa siku moja. Rimoti sasa ni yake, na yeye ndiye mpenzi wa hivi vichekesho vilivyochacha. Mle ndani kuna kile kicheko cha mashine, alikibuni Mmarekani Charley Douglass miaka ya 1950, ili mtazamaji aambiwe wapi pa kucheka. Basi ukikaa sebuleni kwangu saa tatu usiku unasikia mashine inacheka, shemeji anacheka, mita ya LUKU inakimbia, wengine wote kimya kama tumefiwa.

Nikamweleza kwa ustaarabu, nikampa mfano wa The Brady Bunch, kichekesho cha familia cha Wamarekani. Nikamwambia, shem, wale mwaka 1974 waliona watoto wao wamekua, hawachekeshi tena, wakaona dawa ni kuleta binamu mdogo, Oliver. Amekuja binamu, sehemu 6 tu, kipindi kimekwisha. Shemeji akasikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akapunguza sauti ya televisheni.

"Afadhali umegusia, shem," akasema. "Kuna binamu yangu anashuka stendi ya Nzuguni kesho jioni. Naye ameitwa usaili."