Siasa jukwaani: nani aruhusiwe kuimba Sheikh Amri Abeid?

Uwanja mkongwe wa mpira wa Arusha umepewa jina la mwanasiasa. Sheikh Amri Abeid Kaluta alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, na juu ya hayo alikuwa mshairi. Mwenye uwanja ni Chama Cha Mapinduzi (CCM). Mei Mosi ya kitaifa ya mwaka 2024 ilifanyika pale, na Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8, 2025, ikafanyika pale pale, Rais Samia akiwa mgeni rasmi. Wageni wakiondoka chaki inarudishwa, nyavu zinafungwa, na shabiki aliyekata tiketi yake anaambiwa kuwa hapa ni mpira tu, siasa aache nje.

Mjadala wa kama shabiki aruhusiwe kupaza siasa jukwaani ulikuwepo siku zote, ila sasa una haraka. AFCON ya 2027 inakuja kwetu pamoja na Kenya na Uganda, na kule Olmoti unajengwa uwanja wa watazamaji 30,000, unaotajwa kwa jina la Rais. Halafu kuna Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu iliyoishia kwenye maandamano, vifo na intaneti kuzimwa, Arusha ikiwa miongoni mwa miji iliyoguswa. Tangu hapo sidhani kama kuna ofisa wa usalama anayeutazama umati wa vijana kwa jicho la zamani, hata kama vijana wenyewe wanasubiri tu kona ipigwe.

Wanaotaka siasa ibaki nje wana hoja nzito kuliko tunavyokubali tukiwa kijiweni. Kwanza kanuni ipo. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaiadhibu klabu au chama cha soka pale mashabiki wake wanapotumia ishara, maneno au vitu kupitisha ujumbe usiofaa michezoni, hasa wa kisiasa, kiitikadi, kidini au wa matusi. Anayelipa ni klabu. Celtic ya Scotland ilitozwa na UEFA euro 17,500 mwaka 2023 kwa bendera za Palestina zilizopeperushwa kwenye mechi na Atletico Madrid. Celtic inaweza kumeza faini ya namna hiyo. Klabu ya Championship, ligi yetu ya daraja la pili, inayohangaikia nauli ya kwenda Mtwara haiwezi, na kijana aliyeinua bango lake dakika ya 70 atakuwa ameshadandia bodaboda kurudi Sakina.

Pili, usalama. Port Said, Misri, Februari 1, 2012, watu zaidi ya 70 walikufa baada ya mechi ya Al Masry na Al Ahly. Mashabiki wa Al Ahly walikuwa mstari wa mbele katika maandamano ya 2011 yaliyomng'oa Mubarak, na wengi wao waliamini kuwa usiku ule walikuwa wanalipiziwa kisasi. Wengi walibanwa kwenye njia ya kutokea iliyokuwa imefungwa. Ukisimama mlangoni Sheikh Amri Abeid siku Simba au Yanga imekuja, watu wakisukumana kuingia huku polisi wakipekua na wamama wakivuta watoto kwa mikono, huhitaji kuambiwa kitatokea nini bomu moja la machozi likidondoka katikati. Jukwaa, tofauti na barabara, halina pa kukimbilia.

Tatu, na hii ndiyo inayonisumbua mimi zaidi, ukifungua mlango kwa bango la siasa huwezi kuchagua ni siasa gani itapita. Soka letu limeponea chupuchupu ukabila. Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards zilikua na mizizi ya Wajaluo na Waluhya, na hadi leo siasa za makabila huzifuata timu hizo hadi jukwaani. Sisi Simba na Yanga zimemgawa Mchaga na Mchaga, Mmeru na Mmeru, baba na mwanawe. Mgawanyiko huo una raha yake kwa sababu hauna ukoo wala msikiti wala kanisa ndani yake.

Basi, kama hoja ni nzito hivyo, kwa nini sishawishiki?

Kwa sababu ya kofia. Chukua vijana wawili kwenye foleni moja. Wa kwanza amevaa kofia ya kijani yenye jembe na nyundo, aliyogawiwa kwenye kampeni. Wa pili amevaa kombati ya CHADEMA na anaonyesha vidole viwili. Jiulize mwenyewe nani atavutwa pembeni. Tena kofia ya kijani ina bahati ya ziada, maana kijani na njano ni rangi za Yanga pia. Klabu hiyo ya mwaka 1935 ilikuwa karibu na TANU, mtangulizi wa CCM, tangu enzi za kudai uhuru, na CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977 rangi zikabaki kuwa za jamaa mmoja. Askari hana namna ya kutofautisha, na kusema kweli hana sababu ya kujaribu.

Siasa nyingine haihitaji hata kupita mlangoni. Goli la Mama lilianza mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 za Rais kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, na kiwango kikapanda baadaye. Wachezaji walinufaika, na mimi nilishangilia kama wengine. Lakini goli likiingia na mtangazaji akamtaja Rais kabla ya mfungaji, hapo jukwaa limeshapewa ujumbe wa kisiasa, na hakuna aliyetozwa faini.

Ndiyo maana neno "siasa" kwenye makatazo haya huwa na maana finyu sana: ni siasa ya anayelalamika. Uturuki walionyesha hilo waziwazi. Februari 2023, baada ya tetemeko la ardhi, mashabiki wa Fenerbahçe na Beşiktaş waliimba wakiitaka serikali ijiuzulu, na mechi iliyofuata mashabiki wa Fenerbahçe wakazuiwa kwenda Kayseri. FIFA nayo haina usafi wa kujivunia. Urusi ilisimamishwa Februari 28, 2022, siku chache tu baada ya kuivamia Ukraine. Uamuzi ule naukubali, ila baada yake ni vigumu kumwambia mtu kwamba mpira haujui vita.

Sisi Watanzania ndio tungekuwa wa mwisho kuhubiri utengano huo. Mwaka 1976 tulisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hapa hapa mkoani, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 akimwacha John Walker nyuma, hakukimbia. Medali ya dhahabu ikaenda kwa Walker, raia wa New Zealand hiyo hiyo. Serikali ilitumia mbio kusema neno la kisiasa, na lilikuwa neno la haki. Ila mfano huu unakata kuwili: gharama aliilipa mkimbiaji ambaye hakuitisha mgomo, kama klabu inavyolipa leo kwa bango ambalo haikulichora.

Algeria wana somo jingine. Miaka kadhaa kabla ya maandamano ya 2019, majukwaa ya klabu za Algiers yalikuwa yakiimba juu ya ukosefu wa ajira, vijana kuzama baharini wakienda Ulaya, na rais mgonjwa asiyeondoka. Nyimbo hizo hizo zikaingia barabarani Februari 2019, na Aprili 2 Bouteflika akajiuzulu. Serikali iliyoichukulia ile kama kelele za wahuni ilikosa taarifa ambayo ingeipata bure kila Ijumaa. Kwetu, kati ya 2016 na Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na mpira ukabaki miongoni mwa sehemu chache ambako maelfu ya watu wangeweza kupaza sauti pamoja bila kibali. Walichofanya ni kutaniana, Yanga wakiitwa Utopolo na Simba wakiitwa Makolo. Hiyo rekodi ya utulivu ingestahili kuwapa imani kidogo.

Na utani wenyewe una mpaka gani? Moshi, Polisi Tanzania ilicheza Ligi Kuu kwenye uwanja wa Ushirika hadi iliposhuka daraja mwaka 2023. Tuseme beki wa Polisi anang'ang'ania mpira na shabiki mmoja anapiga kelele, "Mpeni buku mbili aachie!" Jukwaa linaangua kicheko. Je, hiyo ni kejeli ya mpira au kauli dhidi ya jeshi la polisi? Sheria ya kuzuia kauli ya namna hiyo ingehitaji askari mmoja kwa kila shabiki, na bado askari naye angecheka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sauti na nguo ziachwe, za chama chochote. Mabango na bendera za vyama zizuiwe zote, na kofia za kugawa kwa maboksi mlangoni nazo zihesabiwe humo. Uchochezi wa vurugu, kabila na dini uadhibiwe kwa kumshika aliyeufanya, klabu iguswe tu ikiwa ilishiriki kuupanga. Kwenye AFCON hatuna la kujadili, kanuni ni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, na FIFA na tumeshazikubali tulipoomba uenyeji. Kenya walilionja hilo Machi 2025, chama chao cha soka kilipowaonya mashabiki kuhusu ujumbe wa kisiasa kabla ya mechi na Gabon pale Nyayo. Ligi ya nyumbani ni yetu, na huko TFF, shirikisho letu la soka, ina nafasi ya kuandika kitu chenye akili zaidi.

Ugumu utakuwa kwenye kipaza sauti. Kanuni inayomzuia shabiki kuinua bango lakini inamwacha kiongozi ashuke uwanjani wakati wa mapumziko, asalimie, agawe bahasha na ataje mafanikio ya ilani, haitaheshimiwa na yeyote aliyekaa mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini. Hilo linaweza kujaribiwa msimu ujao kwenye mechi za Championship zinazochezwa Arusha, ambako watazamaji ni wachache na hasira si nyingi: mapumziko ya dakika 15, muziki, matangazo ya biashara, na hakuna mgeni rasmi anayepewa maiki.