Dawa Mpya ya Ukungu Isiingie Shambani Peke Yake

Nimekutana tena na tangazo la dawa ya bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya viazi na nyanya; dawa yenye kiambato kipya, likimwahidi mkulima kwamba akipiga hiyo hahitaji nyingine. Limenikasirisha, maana ahadi hiyo tulishapewa na ikavunjika.

Metalaksili, dawa ya bakajani hiyohiyo, iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa dawa kali kweli: inapenya ndani ya jani, inapanda na maji ya mmea, inafika hadi kwenye majani machanga ambayo bomba halikuyagusa. Kufikia 1980, Ireland na Uholanzi, viazi vilivyopigwa dawa hiyo peke yake vilikuwa vinaungua na bakajani. Sababu ni kwamba metalaksili inashambulia sehemu moja tu ya kimelea cha ugonjwa, kimeng'enya kinachotengeneza RNA, molekuli ambayo kimelea hakiishi bila hiyo. Kimelea kikibadilika hapo kidogo, ni kama umenyunyiza maji matupu. Geuza jani la nyanya lenye doa asubuhi ya unyevu, utaona utando mweupe pembezoni mwa doa. Humo mna vijimbegu chungu nzima, upepo ukivuma vinahamia kwa jirani. Kikisalia kimoja sugu, uzao wake ndio utakaotawala shamba. Uingereza metalaksili iliuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu, dawa nyingine inayoshambulia sehemu nyingi kwa mpigo, na ikaendelea kufaa kwa muda mrefu zaidi. Sasa tunasubiri ushahidi gani mwingine?

Ndiyo, kutengeneza kiambato kipya huchukua miaka zaidi ya 10 na mamia ya mamilioni ya dola, na kampuni inataka fedha yake irudi. Sawa. Lakini kiambato kikishazoeleka kwa kimelea, hakirudi tena maabara kikatengenezwa upya.

Mankozebu yenyewe inaondoka. Umoja wa Ulaya uliikatalia idhini mwaka 2020 kwa sababu za kiafya, na uamuzi huo siupingi. Basi watafiti watafute na mrithi wake kwa bidii ileile. Dawa ya shaba ipo tangu karne ya 19, ila inajilimbikiza kwenye udongo.

 

Oksathiapiprolini, dawa ya bakajani chelewa iliyosajiliwa Marekani 2015, inafanya kazi kwa kiasi kidogo sana kwa hekta, na nayo inashambulia sehemu moja. Ichanganywe na mwenzake kiwandani, na namba ya kundi lake, inayoonyesha inashambulia sehemu gani ya kimelea, iandikwe kwa maandishi makubwa kwenye lebo, mkulima asije akabadilisha chupa akidhani amebadilisha dawa.