Dar hadi Unguja si dakika 20

Ukimuuliza mtu kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni muda gani, atakujibu haraka: dakika 20. Ni kweli. Viwanja hivi viwili vimeachana kwa kilomita kama 73 tu. Wengi tunadhani Unguja iko mashariki ya Dar, kumbe uwanja wake uko karibu kaskazini kabisa ya wa kwetu, ndege inapaa na kunyoosha.

Mimi niliziamini dakika hizo siku aliyofariki shangazi yangu huko Mwanakwerekwe, Unguja. Maziko yalipangwa baada ya Adhuhuri. Nakaa Kimara. Ndege ilikuwa ya saa nne, nikatoka nyumbani saa moja na nusu nikijua nina muda wa kutosha. Pale Buguruni teksi ilisimama, ikasimama tena, dereva akazima injini. Nilipofika uwanjani dirisha la abiria lilikuwa limeshafungwa. Safari iliyofuata yenye nafasi ilikuwa ya saa saba.

Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, zile ambazo hata abiria anapimwa kwenye mzani pamoja na mkoba wake. Nilikaa nyuma ya rubani. Chini niliona meli zimetia nanga zikisubiri zamu ya kuingia bandarini, kisha mchanga mweupe chini ya maji, na kabla sijamaliza kumsomea marehemu Yasin tukaanza kushuka. Dakika 20 kamili. Mlangoni kwa shangazi nikakutana na wanaume wanarudi makaburini, kanzu zina vumbi jekundu magotini. Ami akanishika mkono: “Tushamsitiri, mwanangu.”

Ndiyo maana nasema umbali wa viwanja viwili haumsaidii msafiri akiambiwa peke yake. Anachohitaji kujua ni muda wa kutoka mlango wa nyumba moja hadi mlango wa nyingine, na hapo Dar muda huo unaliwa na barabara. Tumejengewa jengo la tatu la abiria, likafunguliwa 2019, na mwaka mmoja kabla yake daraja la juu la Mfugale pale TAZARA. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini mwenye ndege ya saa nne bado hana usafiri wa umma anaoweza kuuwekea saa yake. Njia ya mwendokasi ya kuelekea Gongo la Mboto inapita Barabara ya Nyerere, mbele ya uwanja. Hiyo ndiyo nafasi yetu: mabasi yawe mengi, yapite tangu alfajiri, na kituo kiwe mahali ambapo bibi mwenye begi ataweza kutembea hadi ndani.

Kwenye arobaini nilikwenda kwa boti. Nilipanda mwendokasi Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikashuka Kivukoni, nikatembea hadi bandarini. Baharini ni kama saa mbili, zaidi ya mara tano ya muda wa ndege. Niliingia kwa shangazi kabla ya saa nne na nusu, wanawake bado wanachambua mchele wa hitima, nikapata nafasi ya kwenda kaburini kabla watu hawajajaa.