Tusifundishwe kubana maji, yanapotea kabla hayajafika kwenye mita

Kila mgao wa maji ukianza Dar matangazo ni yaleyale, wananchi tumieni maji kwa uangalifu, fungeni koki, acheni kumwaga ovyo. Nikiyasoma napata hasira kabisa, maana mi naishi huku Denmark, Odense, nchi inayosifiwa duniani kwa kubana maji, na nasema bila kupepesa macho, hakuna mtu wa huku anayeweza kumfundisha mama wa Kimara chochote kuhusu kubana maji.

Huku mtu mmoja anatumia kama lita 100 kwa siku nyumbani, na wanajivunia kwa sababu miaka ya 80 walikuwa kwenye 170 hivi. Wameshuka kwa vyoo vyenye vitufe viwili, kimoja cha maji mengi kimoja cha machache, kwa mashine za kufulia zinazotumia maji kidogo, na zaidi ya yote kwa bei. Ni kazi nzuri, siwanyimi sifa yao.

Sasa njoo kwa dada yangu Kimara. Maji ya kusuuzia nguo hayamwagwi, yanawekwa kwenye beseni ndo yanaloweka nguo za mkupuo unaofuata, yakishachafuka yanadeki baraza, na yanayobaki yanaenda chooni. Maji ya kuoshea mchele anapewa mchicha. Watoto kila mmoja anaoga nusu ndoo, kopo mkononi, na nusu ndoo ni lita 10 jamani. Asubuhi kabla hajafanya lolote dada anaenda kugonga ubavu wa simtanki kutoka juu kushuka chini, anasikiliza mlio unabadilika wapi, pale ndo anajua maji yamebaki kiasi gani na leo watu wanafua au hawafui. Huyo ndo unamwambia asimwage maji ovyo?

Tena twende kwenye hela, maana hapa ndo panauma. Denmark maji ni ghali mno, uniti moja, yaani lita 1,000, ni zaidi ya krone 70, kwa pesa yetu kama shilingi 25,000 na ushee. Ila hiyo bei ndani yake kuna kuondoa na kusafisha majitaka, kuna kodi, na maji yanatoka saa 24, unakunywa moja kwa moja bombani bila kuchemsha, wala hayawekwi dawa ya klorini maana yanatoka chini ya ardhi yakiwa safi. Haya, Dar kipindi cha mgao ndoo ya lita 20 ukinunua kwa shilingi 500 piga hesabu mwenyewe, ndoo 50 ndo uniti moja, ni 25,000. Kwa hiyo mpangaji wa chumba kimoja Kimara analipa bei ya Mzungu kwa maji ya toroli ambayo hajui yametoka wapi, na bado akachemshe kwa mkaa wake. Watu wananiambia eti huku wanabana kwa sababu maji ni ghali, sisi yetu ni rahisi. Rahisi kwa nani? Bei ya bombani ni rahisi kwa yule ambaye bomba lake linatoa.

Kwa hiyo mi nasema cha kuiga huku hakiko bafuni, kiko chini ya barabara.

Mabomba ya mji yamegawanywa vipande vipande kwa maeneo, kila eneo lina mita yake kubwa. Usiku wa manane, saa nane mpaka saa kumi, watu wamelala, wanaangalia kwenye kompyuta eneo fulani limepitisha maji kiasi gani. Kama watu wamelala na maji bado yanapita kwa wingi basi kuna bomba linavuja, wanakuja na vifaa vya kusikiliza ardhini, wanachimba. Hata majumbani ni hivyo hivyo, mita zinasomwa kwa redio, jirani yangu alitumiwa ujumbe kwamba kwake maji hayajasimama hata saa moja siku nzima, kumbe choo kilikuwa kinavuja taratibu bila kelele. Choo cha hivyo kinaweza kumaliza uniti 100 kwa mwaka.

Dar huwezi kupima hivyo, na sababu yenyewe inasikitisha, usiku ndo watu wako macho wanakinga. Maji yakifunguliwa saa nane ya usiku mtaa mzima umeamka, madumu yamepangwa foleni. Halafu mgao wenyewe unaua mabomba, kwa sababu bomba likikaa tupu siku nne kisha maji yakaingia kwa kasi ile presha inapasua maungio, na lile bomba tupu kama lina ufa linavuta uchafu wa mtaro lilimopita. Yaani tunagawa maji kwa sababu hayatoshi, na kule kugawa kunaongeza upotevu. Ripoti za EWURA, wale wadhibiti wa huduma za maji na nishati, miaka na miaka zinaonyesha karibu theluthi au zaidi ya maji yanayozalishwa na mamlaka zetu hayaingizi hata senti, yamevuja, yameibwa na waliojiunganishia, au mita haikuyasoma.

Najua mtasema Odense ni kamji kadogo, watu laki mbili tu, na Dar sensa ya 2022 imekuta zaidi ya milioni tano. Ni kweli, na mji wetu unakua kila siku huku watu wanajenga kabla bomba halijafika. Ila kulifukua bomba lililopasuka ambalo mtaa mzima unaliona na umeshapiga simu hakuhitaji uwe mji mdogo. Pale kwa dada maji safi yalitiririka barabarani wiki tatu, vijana wa bodaboda wanaoshea pikipiki, na nyumba za juu zake koki ni kavu.

Denmark hawakufika hapo kwa sababu wana roho nzuri. Toka 1994 waliweka kodi ya maji, na mamlaka ya maji ikipoteza zaidi ya asilimia 10 ya maji yake, ile kodi ya yaliyozidi mamlaka yenyewe ndo inailipa. Hapo kila uvujaji ukawa na mwenye kuumia, na mwenye kuumia ni mkubwa ofisini sio mama na ndoo.

2022 mto Ruvu, unaoipa Dar maji yake mengi, uliposhuka uzalishaji ulianguka kutoka lita milioni 466 kwa siku mpaka kama milioni 300, na wote tukaambiwa tatizo ni mvua. Sasa bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya mto huohuo, linajengwa na mi nalifurahia kwa moyo wote, linahitajika sana. Lakini maji yake yatapita kwenye mabomba haya haya. Kwa hiyo wabunge wetu kabla hawajatuimbia Kidunda waulize swali moja bungeni, upotevu ukizidi kiwango kilichowekwa nani analipa, na kama jibu ni mteja basi sheria ibadilishwe alipe anayesimamia bomba.