Hisa za 50 Cent: tunajifunza somo lipi hasa?

Mwaka 2005 hivi, ungepita kijiwe chochote cha Dar es Salaam au Nairobi usingekosa kijana aliyevaa singlendi nyeupe na kofia ya G-Unit, kundi la 50 Cent, rapa wa Marekani; kofia ya mtumba au ya kugushi. Sura ya 50 Cent ilikuwa kwenye matatu na kwenye kuta za vibanda vya vinyozi. Miaka ishirini baadaye sura hiyohiyo imehamia kwenye semina za ujasiriamali na kwenye vile vipande vya video vya dakika moja vinavyorushwa kutoka kundi hadi kundi la WhatsApp. Kisa kinachosimuliwa ni kimoja: kampuni ya maji ilitaka kumlipa pesa za tangazo, yeye akataka hisa, akaula. Kisha mhamasishaji anapaza sauti: vijana, acheni kuomba mshahara, anzisheni vya kwenu, mmiliki vya kwenu.

Kisa chenyewe kina ukweli. Ninachobishana nacho ni hilo somo la mwishoni, kwa sababu ukipiga hesabu za huyu bwana moja baada ya nyingine unaona kitu ambacho semina hazikitaji: mali nyingi aliipata kwenye vitu vilivyobuniwa na kuendeshwa na watu wengine. Vile alivyovianzisha mwenyewe vingi vilimtia hasara, na kimoja kilimfikisha mahakamani.

Tuanze alikotoka. Curtis Jackson, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Julai 6, 1975, na kukulia South Jamaica, kitongoji cha Queens jijini New York. Mama yake, aliyeishi kwa kuuza dawa za kulevya, aliuawa mtoto akiwa na miaka minane, na babu na bibi wakabeba ulezi. Kijana akaingia kwenye biashara ileile, akakamatwa mwaka 1994. Alipogeukia muziki, aliyemshika mkono ni Jam Master Jay wa kundi la rap la Run-DMC, aliyemfundisha kuhesabu vipimo vya mdundo na kujenga kiitikio. Akasaini na lebo ya muziki ya Columbia. Kisha Mei 24, 2000, akiwa ndani ya gari nje ya nyumba ya bibi yake, akapigwa risasi tisa. Moja ilimpata shavuni, na ule mvuto wa sauti unaousikia anapochana, kama mtu mwenye kitu mdomoni, ulianzia hapo.

Columbia ikamtema. Hakuna lebo iliyotaka msanii anayewindwa, hivyo akachukua midundo ya wasanii wengine, akaichania upya, akazimwaga kanda hizo mitaani bila kusubiri ruhusa ya mtu. Mwaka 2002 rapa Eminem akazisikia, akamshirikisha mtayarishaji Dr. Dre, wakampa mkataba wa dola milioni 1. Albamu yake ya kwanza, ya Februari 2003, iliuza nakala 872,000 nchini Marekani katika wiki yake ya kwanza, ambayo kwa kweli haikuwa hata wiki kamili.

Sioni kama muziki peke yake ndio uliouzwa pale. Risasi tisa zilikuwa kwenye kila mahojiano, na fulana ya kuzuia risasi ikawa vazi la jukwaani. Mwaka 2005 maisha yake yakageuzwa filamu chini ya Jim Sheridan, mwongozaji kutoka Ireland, na mwaka huohuo ukatoka mchezo wa video ambamo mchezaji anakuwa 50 Cent mwenyewe akifyatua bunduki. Bidhaa yake ya kwanza ni yeye aliyenusurika. Zilizofuata zote zilipakwa rangi hiyo.

Sasa maji. Vitaminwater, maji yaliyotiwa vitamini, ilikuwa mali ya kampuni ya Glacéau ya New York, ambayo tayari ilikuwa na wateja, viwanda na wasambazaji. Mwaka 2004 Jackson, akiwa na meneja wake Chris Lighty, alikubali kuitangaza kwa kupewa sehemu ya umiliki, na ikatoka ladha ya zabibu iliyobeba jina lake. Mwaka 2007 Coca-Cola ikainunua Glacéau kwa dola bilioni 4.1. Fungu lake halikuwahi kutangazwa rasmi. Makadirio ya magazeti ya biashara yanaanzia dola milioni 60 na kufika 100.

Wanaomsifu wana haki yao hapa, na sitaki kuwapunja. Mwaka 2004 alikuwa katika kilele cha umaarufu. Angeweza kudai mamilioni taslimu na angelipwa. Kukubali karatasi ya hisa za kampuni ambayo haijauzwa ni kukubali kwamba huenda ikabaki karatasi tu. Watu wengi waliotoka kwenye umaskini hushika kilicho mkononi, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye alisubiri. Na alijua wateja wake: kijana wa mtaani aliyekuwa akinywa soda aliambiwa na 50 Cent, mtu aliyetoka gerezani na hospitalini akiwa na kifua cha mnyanyua vyuma, kwamba haya ndiyo maji ya wanaojipenda. (Chupa ya kawaida ilikuwa na gramu zipatazo 33 za sukari, na shirika moja la kutetea walaji liliishtaki Coca-Cola mwaka 2009 kwa kuyauza kama kinywaji cha afya. Hilo nalo wahamasishaji hawaligusi.)

Lakini angalia kazi ilivyogawanywa. Wenye Glacéau walitengeneza, wakasafirisha, wakapanga bei. Jackson alileta jina. Hisa ilikuwa na maana kwa sababu ilikuwa ya kampuni inayokwenda. Hisa za kampuni isiyo na kitu hazilishi mtu hata uzikalie miaka kumi, na hapa ndipo kijana anayeacha ajira aende "kumiliki cha kwake" anapopotoshwa na kisa cha mtu ambaye hakufanya hivyo.

Alipojaribu kufanya hivyo, mambo yalikwenda mrama. Mwaka 2011 alianzisha SMS Audio, kampuni ya vipokea sauti vya masikioni, baada ya kuachana na kampuni ya Sleek Audio aliyokuwa akishirikiana nayo. Sleek ikamshtaki kwamba amebeba ubunifu wao, na msuluhishi akaamuru ailipe zaidi ya dola milioni 17. Mwaka huohuo alikuja na kinywaji cha kuongeza nguvu, Street King, chenye ahadi kwamba kila chupa ikinunuliwa mtu mwenye njaa atapata mlo kupitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Lengo lilikuwa milo bilioni moja. Mapema mwaka 2012 alifika Kenya na Somalia pamoja na shirika hilo, akapiga picha na watoto, na akaahidi milo milioni moja zaidi iwapo ukurasa wa kinywaji chake wa Facebook ungepata wafuasi milioni moja.

Kwa hili nimejigawa. Ukame wa 2011 ulikuwa umeua watu wengi Somalia, na mlo ni mlo. Mama wa kambini haulizi umelipwa na nani. Hata hivyo, kumfanya mtu aliye Marekani abonyeze kitufe cha kupenda kinywaji ndipo mtoto wa Dolow, mji wa Somalia, ale, ni kuigeuza njaa kuwa bango la biashara. Kinywaji chenyewe hakikudumu sokoni.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2015. Miaka sita kabla, katika bifu lake na rapa mwenzake Rick Ross, alisambaza mtandaoni video ya faragha ya mwanamke aliyezaa na Ross, tena akaichekesha kwa sauti yake mwenyewe. Mwanamke huyo akashtaki. Baraza la wazee wa mahakama New York likampa dola milioni 5, kisha milioni 2 zaidi za kumwadhibu Jackson. Mahakama ilipokuwa bado inahesabu hizo za pili, Julai 13, yeye akawasilisha ombi la kufilisika ili alindwe dhidi ya wadai wake huko Connecticut.

Watetezi husema huo ulikuwa ujanja wa kisheria, kwamba tajiri wa Marekani hafilisiki, anapanga tu foleni ya kulipa. Kweli kwa kiasi: Februari 2017 alifunga kesi hiyo akiwa amelipa zaidi ya dola milioni 22, na sehemu kubwa ilitokana na fidia aliyoipata kwa mawakili wake wa zamani wa kesi ya Sleek. Ila kumbukumbu za mahakama zilifunua mengine. Alikiri kwamba magari na vito alivyokuwa akivionyesha vingine vilikuwa vya kuazima. Alipojipiga picha na mabunda ya noti mwaka 2016, jaji akamwita ajieleze, na utetezi ukawa kwamba noti zilikuwa za maigizo. Jumba lake la Farmington, lenye vyumba 52, lililowahi kuwa la Mike Tyson, alilolinunua mwaka 2003 kwa dola milioni 4.1 na baadaye kulitangaza kuuzwa kwa milioni 18.5, lilikuja kuuzwa mwaka 2019 kwa milioni 2.9. Hata zile habari kwamba alikuwa na sarafu za bitikoini zilizopatikana kwa kuuza albamu, alizichekelea hadharani hadi mahakama ilipohusika. Ndipo akasema kwa kiapo kwamba malipo yale yalikuwa yamegeuzwa dola siku nyingi.

Mdomo uliomtajirisha ndio uliomgharimu. Maringo yalikuwa sehemu ya bidhaa, hakuweza kuyaacha bila kuiharibu bidhaa yenyewe.

Kama mwigizaji, nitasema wazi: si mkubwa. Mwaka 2008 alisimama kando ya Al Pacino na Robert De Niro kwenye filamu moja, na unamwona akisubiri zamu yake ya kusema. Aliyemfaa ni Kanan wa tamthilia ya Power, mtu baridi anayempiga risasi hata mwanawe wa kumzaa. Pale uso wake usiotikisika ukawa kipaji.

Power ilianza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha Starz Juni 2014 na kwenda hadi Februari 2020, ikazaa matawi matatu. Mwandishi na kichwa chake ni Courtney Kemp. Jackson alikuwa mzalishaji mtendaji, na amesimulia kwamba alikubali malipo ya dola 17,000 kwa kipindi, kiasi kidogo mno kwa jina lake, ili mradi awe na sauti kwenye mali hiyo. Mwaka 2018 Starz ikampa mkataba wa miaka minne ulioripotiwa kufikia dola milioni 150. Ni kisa cha maji kimerudi: punguza cha leo, ingia kwenye kitu kilicho mikononi mwa fundi, kisha kipigie debe usiku na mchana. Ukiwauliza watu ni nani aliyeitunga Power, wengi watakutajia 50 Cent. Hapo Kemp anadhulumiwa, ingawa bila kelele za Jackson huenda tamthilia hiyo isingefika kote ilikofika.

Kuna lawama nyingine, kwamba Power na BMF, tamthilia yake nyingine, zinaendelea kuuza kokeini kwa njia ya luninga, na kijana wa Tandale anayezitazama haoni makaburi, anaona suti. Siikatai, ingawa naiona nyepesi kidogo. Katika tamthilia hizo karibu kila anayeshika mzigo anakufa, anafungwa au anazika mtoto. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba msimuliaji wa hayo ni mtu ambaye mama yake alizikwa na biashara hiyohiyo.

Mwaka 2023 ziara yake ya kuadhimisha albamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 100, nyimbo za miaka ishirini zikimlipa kuliko vinywaji alivyovianzisha. Na mwaka 2024 mji wa Shreveport, Louisiana, ulimkodisha kwa miaka 30 majengo ya studio za filamu, akayaita G-Unit Studios. Safari hii mzigo wa kuyaendesha ulikuwa juu yake.