Kompyuta ya Zamani Ikikataa Wi-Fi, Usikimbilie Kupiga Windows

Laptopu ya zamani isiposhika Wi-Fi ya nyumbani, mtaani kwetu dawa ni moja: "Tupige Windows," yaani kuifuta na kuiweka upya. Ukienda Kariakoo utaambiwa hivyo, ukimpelekea kijana mwenye kibanda jirani na kituo cha daladala utaambiwa hivyohivyo. Mimi napinga. Kupiga Windows kunafuta kazi za mtu, kunaondoa draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya ndani) zilizokuwa zinafanya kazi vizuri, na mara nyingi tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa ndani ya Windows tangu mwanzo.

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa sekondari, alirudishiwa laptopu yake ikiwa tupu kabisa. Alama za wanafunzi wake za muhula mzima hazimo, barua zake hazimo, na Wi-Fi bado haishiki. Ruta mpya ya nyumbani kwake, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, ilikuwa imewekwa kurusha mawimbi ya gigahezi 5 peke yake, na kadi ya Wi-Fi iliyomo kwenye laptopu ile inapokea gigahezi 2.4 tu. Simu zote za nyumbani zilishika bila shida, ndiyo maana kila mtu akailaumu kompyuta. Kilichohitajika kilikuwa kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta na kuwasha masafa ya 2.4. Fundi alipewa pesa yake, mwalimu akakaa wiki nzima kukusanya alama upya kutoka kwenye madaftari ya watu.

Jambo kama hili linaniuma kwa sababu kompyuta yenyewe ilikuwa tayari kusema tatizo ni nini, ila hakuna aliyeiuliza. Kwenye Windows 7 na zilizofuata, fungua dirisha lile jeusi la amri (Command Prompt), andika `netsh wlan show drivers`, kisha bonyeza Enter. Itakuja orodha ndefu. Tafuta mstari wenye namba zinazoanza na 802.11. Ukiona b na g peke yake, kadi yako ni ya 2.4 basi. Ukiona a au ac, gigahezi 5 inaiweza. Ukiona b, g na n, huenda ni ya 2.4 tu, kwa sababu laptopu nyingi za bei nafuu za enzi zile zilifungwa kadi za n zisizo na gigahezi 5. Chini kidogo ya hapo kuna orodha ya aina za ulinzi ambazo kadi hiyo inazielewa: WEP, WPA, WPA2, na kama ni mpya, WPA3. Hayo mawili, masafa na ulinzi, ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kati ya kompyuta kuukuu na ruta mpya, na umeyaona bila kufuta hata faili moja.

Tuanze na masafa, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Dalili yake ni hii: laptopu inaona Wi-Fi za majirani wote, ya kwako haioni. Kiwango cha 802.11g kilitoka mwaka 2003 na kinatumia 2.4 pekee. Cha 802.11n kilipitishwa 2009. Cha 802.11ac, kilichopitishwa mwishoni mwa 2013, kinafanya kazi kwenye gigahezi 5 tu. Ruta za siku hizi hurusha masafa yote mawili kwa jina moja ili simu ichague yenyewe. Kwa simu mpya ni raha, kwa kompyuta ya zamani ni mtihani, kwa sababu ruta nyingine hujaribu kuisukuma kwenye masafa isiyoyajua. Tenganisha majina. Ya 2.4 ipe jina lake, ya 5 jina lake, uone tofauti.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sana sisi tunaonunua laptopu zilizotumika nje. Kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinasikia chaneli (vipande vya masafa) ya 1 hadi ya 11 kwenye 2.4. Sehemu nyingi za dunia nje ya Marekani zinaruhusu hadi chaneli ya 13. Sasa ruta yako ikiachwa ijichagulie chaneli yenyewe, usiku mmoja ikahamia ya 12 au ya 13, laptopu iliyotoka Marekani inakuwa kiziwi. Jana ilishika, leo jina halionekani, kesho kutwa ruta ikizimika umeme na kuwaka upya kwenye chaneli ya 6, linaonekana tena. Watu huishia kusema kompyuta "ina mambo". Ingia kwenye ruta, weka chaneli ya 1, 6 au 11 isiyohamahama. Nimeona hili likiponya laptopu zilizokwisha kutangazwa mbovu.

Ruta za Wi-Fi 6 nazo zina lao. Kadi za Intel za miaka ya katikati ya 2010, kama 7260 na 7265, zikiwa na draiva ya zamani zinaweza zisione kabisa jina la mtandao uliowekwa kwenye hali ya 802.11ax, ambayo ndiyo hiyo Wi-Fi 6. Intel wenyewe walitoa maelezo kwamba dawa ni kusasisha draiva. Kama draiva huipati kwa sasa, zima hali ya ax kwenye masafa ya 2.4 na mtandao utaonekana.

Upande wa ulinzi, nina msimamo mkali kuliko kote. Dalili yake ni kwamba jina linaonekana, nenosiri ni sahihi, lakini kompyuta inakataa au inazunguka tu mpaka ichoke. Ruta mpya huja na WPA3, iliyotangazwa 2018, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Windows 7 haijui WPA3, na kwenye Windows 10 ilianza kuja na toleo la 1903 la mwaka 2019, tena draiva iwe inaikubali. Windows XP ya zamani ndiyo kabisa: WPA2 ilikuja ikiwa imekamilika na Service Pack 3 (kifurushi cha masasisho) ya mwaka 2008, mwenye Service Pack 2 alitakiwa kuongeza sasisho la pekee. Hata ule mchanganyiko unaosemwa unakubali wote, kadi nyingine za zamani zinajikwaa nao. Weka WPA2 yenye AES (aina yake ya usimbaji), peke yake, na nyingi zitaingia.

Chini ya hapo usishuke. Nasema hivi kwa sababu nimesikia ushauri wa "weka WEP, hiyo inakubali kompyuta zote" ukitolewa na watu wanaolipwa kutoa ushauri. WEP ilionyeshwa kuwa na ufa mwaka 2001 na watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir, na kufikia 2007 watafiti wengine walikuwa wameshachapisha njia ya kuivunja chini ya dakika moja. Ukiweka WEP kwa ajili ya kompyuta moja, umefungua nyumba nzima: simu za watoto, kamera ya getini, na bando unalolipia mwenyewe. Anayekaa chumba cha pili ataingia, na ukurasa wa ruta yako ataufikia. Hakuna laptopu inayostahili gharama hiyo.

Njia ninayoipenda ni mtandao wa wageni (guest network). Ruta nyingi zinao, na watu hawautumii. Uwashe kwenye masafa ya 2.4, uupe jina lake, uweke WPA2, kisha ile kompyuta ya zamani ikae humo. Mtandao mkuu unabaki na ulinzi wake wa kisasa. Na kuna faida ya pili ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Windows XP iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama Aprili 8, 2014, Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kompyuta ya namna hiyo haifai kukaa mtandao mmoja na vifaa vyako vingine, na kwenye ruta nyingi mtandao wa wageni unaitenga.

Sasa kuna hali nyingine kabisa: kompyuta imeunganishwa, alama ya Wi-Fi imejaa, lakini kurasa hazifunguki, au kila ukurasa unakuja na onyo kwamba muunganisho si salama. Kabla ya yote tazama saa. Pale chini kulia. Ikiwa kompyuta inaamini tuko Januari mwaka 2009, umeshapata jibu. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati umeme umezimwa. Ikifa, kila ukiwasha saa inarudi nyuma. Tovuti za leo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani ni 2009 inaviona vyeti vyote kuwa havijaanza kutumika, hivyo inakataa. Rekebisha tarehe, kurasa zinafunguka hapohapo. Kisha nunua betri, maana bila hiyo utarekebisha kila asubuhi. Mafundi wa saa wanaziuza, na kwenye kompyuta nyingi za mezani kuibadilisha ni kazi ya kufungua mfuniko tu.

Saa ikiwa sahihi na maonyo bado yapo, basi huenda vyeti vya msingi vilivyomo kwenye kompyuta, vile inavyotumia kuthibitisha vyeti vya tovuti, vimezeeka. Mwaka 2021, Septemba 30, cheti kimoja cha msingi kilichoitwa DST Root CA X3 kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani vikashindwa kufungua tovuti zilizofunguka jana yake. Firefox inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti, ndiyo maana mara nyingi inafungua ukurasa ambao brauza nyingine kwenye mashine hiyohiyo imeukataa. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023.

Anwani ya kompyuta kwenye mtandao (IP) nayo itazamwe. Kwenye dirisha lilelile jeusi, andika `ipconfig`. Ukiona namba inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikupewa, ikajipa yenyewe. Jaribu `ipconfig /renew`. Isipokubali, zima ruta, iwashe. Ukiona namba isiyofanana kabisa na za vifaa vingine vya nyumbani, kwa mfano inaanza na 10 wakati simu yako ina 192.168, uliza kompyuta ilitoka wapi. Zilizonunuliwa kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa huwa zimebakiwa na anwani iliyoandikwa kwa mkono na mtu wa IT wa huko, na wakati mwingine proksi ya huko pia (kompyuta ya kati ambayo intaneti yote ilipitia). Rudisha zote mbili kwenye kujipangia zenyewe.

Swichi ya Wi-Fi sitaiongelea sana, ila usiiruke. ThinkPad za enzi za T61 na T400 zina swichi ya Wi-Fi ukingo wa mbele, Dell Latitude nyingi za familia ya E zinayo ubavuni. Mtoto akiisogeza, hakuna Windows itakayoirudisha.

Na kama umeshapigiwa Windows na kadi haionekani kabisa, kinachokosekana ni draiva. Kuipakua kunahitaji intaneti na intaneti inahitaji draiva, lakini simu inavunja mduara huo. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, na kompyuta itaipata kama imechomekwa waya wa mtandao. Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya nyumbani, hata bando lako haliguswi. Kwenye Device Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa, fungua ile yenye alama ya njano, tafuta utambulisho wa kifaa (Hardware Ids): VEN_8086 ni Intel, VEN_14E4 ni Broadcom, VEN_10EC ni Realtek, VEN_168C ni Atheros. Ukishajua hilo, nenda tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mkupuo mmoja ziache, nyingi huja na mizigo usiyoiomba.

Kadi ikithibitika kwamba imefika mwisho wake, chomeka waya wa LAN kama ruta iko karibu, au nunua kile kidude kidogo cha Wi-Fi cha USB chenye draiva za mfumo ulio nao. Kubadilisha kadi ya ndani kunawezekana pia, ila kwa ThinkPad za zamani uliza kwanza, maana BIOS zake (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) zina orodha ya kadi zinazokubalika na ukiweka nyingine inakataa kuwaka kwa kosa namba 1802.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za kielektroniki tani milioni 62. Sitaki laptopu ya mwalimu yule iongezwe humo kwa sababu ya masafa ya ruta. Kwa hiyo ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie afanye mambo mawili mbele yako kabla hajagusa kitu kingine: anakili faili zako kwenye flashi au diski ya nje, kisha aandike ile amri ya `netsh` na akueleze kadi yako inaweza nini. Akisema hana muda wa hayo, chukua kompyuta yako, mshukuru, nenda kwa mwingine.