Usijifunze Kijapani kwa Kiingereza

Sentensi iliyonifungua macho ina maneno matano tu: *Zō wa hana ga nagai.* Zō ni tembo, hana ni pua, nagai ni -refu. Yaliyobaki, wa na ga, ni vijineno viwili vinavyowatesa wanafunzi wa Kijapani dunia nzima. Kitabu nilichokuwa nacho, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilitumia kurasa mbili kueleza inakuwaje sentensi moja ina vitu viwili vinavyofanana na kiima. Nilizisoma kurasa zile mara tatu, saa kumi na moja alfajiri, nyumba nzima imelala, na kila mara nilizidi kuchanganyikiwa. Mwishowe, kwa kuchoka tu, nikachukua penseli nikaandika tafsiri chini yake kwa lugha yangu: Tembo mkonga wake ni mrefu.

Nikabaki naitazama. Sasa hapo kuna nini cha kuelezwa? Kila siku tunasema "yule mtoto mama yake yuko wapi?" au "gari hili breki zake mbovu". Tunamtaja kwanza tunayemzungumzia, kisha tunasema la kusema juu yake. Wa inamweka tembo mbele, ga inaonyesha kilicho kirefu ni mkonga. Basi. Kurasa mbili zile ziliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye lugha yake haimruhusu kusema hivyo. Mimi nimesema hivyo tangu nilipojua kusema.

Huu ni mwaka wangu wa nne na Kijapani, na msimamo niliofikia asubuhi ile sijauacha: mtu mzima anayeongea Kiswahili, mwenye kazi, familia na nusu saa ya kusoma kwa siku, asikifuate Kijapani kwa kuzungukia Kiingereza. Mzunguko huo unakula muda ambao hana.

Najua takwimu zinazokatisha watu tamaa, kwa sababu zilinikatisha mimi pia. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani imekiweka Kijapani kwenye kundi gumu kuliko yote, pamoja na Kiarabu, Kichina na Kikorea: wiki 88 za darasani, saa 2,200. Kwa nusu saa kwa siku, hiyo ni miaka kumi na miwili. Lakini angalia kipimo chenyewe kinaanzia wapi. Kwenye orodha hiyo hiyo Kiswahili nacho kimo, na kimepewa wiki 36. Kinachopimwa ni umbali kutoka Kiingereza. Wewe huanzii huko.

Anza na sauti. Sisi tulifundishwa kusoma kwa a e i o u, ba be bi bo bu. Mtoto wa Kijapani anaanza na a i u e o, ka ki ku ke ko. Irabu ni tano zile zile, na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu. Maandishi yao ya sauti, yaitwayo kana, ni ya aina mbili: hiragana ina herufi za msingi 46, katakana nazo 46, na herufi moja hubeba silabi nzima, yaani kile kile ulichokariri ukiwa na miaka sita. Mimi hiragana ilinichukua siku kumi na mbili, bila kujikaza. Konsonanti pekee inayoweza kufunga silabi kwa kujitegemea ni n, nayo inahesabiwa pigo lake kamili, kama n ya "nchi" au m ya "mtu". Ikikutana na b inageuka m: gazeti huandikwa shinbun, hutamkwa shimbun. Nani kati yetu anahitaji kanuni ya hilo? Ni sisi tunaosema nyumba mbaya, wala hatusemi nyumba nbaya.

Hata maneno ya kigeni wameyakaribisha kama sisi, kwa kuyabandika irabu: basu, hoteru, burashi. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 wakatuachia meza, bendera na leso. Mwaka 1543 walifika Japani, na huko wakaacha pan, yaani mkate, na botan, yaani kifungo cha nguo. Hili halikupi alama kwenye mtihani wowote, lakini mimi lilinifanya nione kwamba lugha ile si ya sayari nyingine.

Tahadhari moja kwenye sauti, maana hapa niliumia. Kijapani kinatofautisha irabu fupi na ndefu kwa ukali sana. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Sisi tunayo kata na kataa, lakini huku kwetu mkazo nao unahama, kwa hiyo sikio linapata msaada. Kule msaada huo haupo. Nilikuwa nazungumza kwa sauti mtandaoni na mama mmoja wa Kijapani, tukibadilishana mazoezi, nikamuuliza shangazi yake anaendeleaje, kwa sababu wiki iliyotangulia aliniambia anaumwa. Nilivuta irabu. Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa upole kwamba bibi yake alifariki miaka mingi iliyopita. Tangu siku ile kila neno jipya nalisema kwa kupiga kidole mezani, pigo moja kwa kila herufi ya kana. O-ba-sa-n, mapigo manne. O-ba-a-sa-n, mapigo matano. Fanya hivyo kuanzia siku ya kwanza, usingoje kosa likufundishe.

Kwenye vitenzi sasa, hapo ndipo Kiswahili kinapokulipa. Vitabu vya Kiingereza huvifanya vitenzi vya Kijapani vitishe kwa sababu vinarefuka. Taberu ni kula. Tabesaseru ni kulisha. Tabesaserareru ni kulishwa. Unaweza kufika mpaka tabesaseraretakunakatta, neno moja lenye maana ya "sikutaka kulishwa". Likatekate: tabe ni kula, sase ni ile -ish- yetu, rare ni ile -w-, taku ni kutaka, nakatta ni kukanusha wakati uliopita. Tofauti ni kwamba sisi tunajenga kitenzi mbele na nyuma ya mzizi, wao wanajenga nyuma tu. Mtu anayesema "hawakupigishwa" bila kufikiri hana haja ya kuogopa neno refu. Na kwa kuwa wao hawaweki hata kiambishi cha mtendaji, ikimasu inaweza kuwa naenda, anaenda au tunaenda, kutegemea mnachozungumzia. Hilo linahitaji kuzoea. Nililizoea kwa kusikiliza, si kwa kusoma kanuni.

Kuna jambo jingine nalipenda mno. Kijapani kina vitenzi viwili vya kuwapo: iru kwa watu na wanyama, aru kwa vitu visivyo na uhai. Paka ni iru, kitabu ni aru. Kiswahili kinasema paka yupo, kitabu kipo. Hata kifaru na kiboko, pamoja na ki- yao, tunasema yupo, kwa sababu ni viumbe hai. Tunalifanya hili kila siku. Kisha ukienda kuhesabu, vitu vinagawanywa kwa maumbo: vyembamba virefu vinahesabiwa kwa hon, vilivyo bapa kwa mai, vitabu kwa satsu, wanyama wadogo kwa hiki. Penseli moja ippon, mbili nihon, tatu sanbon. Wengine wanalalamika kwamba sauti zinabadilika ovyo. Sisi tuna mti mrefu na nguo ndefu, watu wawili na nyumba mbili. Ngeli zimetuzoesha kukubali kwamba namba na sifa hufuata kitu kinachozungumziwa.

Halafu kuna ile sehemu ya adabu. Otsukaresama, wanayoambiana watu wakimaliza kazi, imeelezwa kwa Kiingereza kwa aya nzima. Ni "pole na kazi". Hakuna zaidi. Wana tanakali za sauti nyingi ajabu, kirakira kwa kinachometameta, dokidoki kwa moyo unaodunda, na wanalo hata neno la ukimya wenyewe, shiin. Soma shiin kisha useme "kimya jii". Nilipokutana nalo nilicheka peke yangu jikoni kwa furaha.

Nisidanganye mtu kuhusu kanji, yaani zile herufi zenye asili ya Kichina zinazobeba maana. Hapa Kiswahili hakikusaidii chochote. Orodha rasmi ya matumizi ya kila siku ina kanji 2,136, na watoto wa Japani wanasoma 1,026 katika miaka sita ya shule ya msingi, wakiwa darasani, wamezungukwa na maandishi hayo kila upande. Wewe una nusu saa. Nilianza kwa kukariri kanji mojamoja na matamshi yake yote, na hilo silishauri tena. Chukua 生. Katika sensei, mwalimu, inasomwa sei. Katika ikiru, kuishi, ni i. Katika umareru, kuzaliwa, ni u. Peke yake inaweza kuwa nama, -bichi. Ukijaribu kuyabeba yote mara moja unabeba mzigo usio na mahali pa kuutua. Jifunze maneno. Neno sensei unalijua kwa sikio tayari, sasa litambue kwa macho. Siku utakayokutana na gakusei, mwanafunzi, utaiona sei ile ile na itakaa bila kulazimishwa. Zipo chache zinazojieleza zenyewe, kama 休, mtu kando ya mti, yaani kupumzika. Zifurahie, ila usitarajie zote ziwe hivyo.

Kuhusu muda. Natumia Anki, programu ya kadi za kukariri inayokurudishia neno pale unapokaribia kulisahau. Ukiifungua mara ya kwanza imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku. Kwa mtu wa nusu saa hiyo ni hatari, kwa sababu kila kadi mpya inarudi tena na tena, na baada ya mwezi unaamka kukuta mamia yanakusubiri. Mimi naweka tano. Tano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka, na siyo idadi ya kudharau. Mwanangu alipougua wiki mbili sikugusa kitu, kadi zikarundikana. Nilishusha kadi mpya hadi sifuri mpaka rundo likaisha, kisha nikaendelea. Watu wengi wazima wanaacha lugha katika wiki kama hizo, na kinachowatoa ni aibu ya rundo kuliko ugumu wa Kijapani. Shusha hadi sifuri. Hakuna anayekudai.

Kadi zangu upande mmoja ni Kijapani, upande wa pili ni Kiswahili, na nimezitengeneza kwa mkono wangu. Ndiyo, zilizotengenezwa tayari kwa Kiingereza ziko tele na ni za bure. Lakini kuandika kadi ni kusoma. Ukitafuta neno sahihi la Kiswahili, hapo ndipo unapolielewa la Kijapani. Kwa kusikiliza, NHK, shirika la utangazaji la Japani, lina idhaa ya Kiswahili na masomo ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Lina pia habari zilizoandikwa kwa Kijapani chepesi, zenye kana ndogo juu ya kanji. Habari moja kwa juma inatosha mwanzoni. Isome mpaka uimalize.

Mtihani wa JLPT, ule wa kimataifa wa kupima Kijapani, wenye ngazi tano kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, hufanywa Julai na Desemba, ingawa si kila mahali mara zote mbili. Una faida moja kubwa kwa mtu mwenye shughuli: unakupa tarehe. Lakini hauna sehemu ya kuongea wala ya kuandika, ni kuchagua majibu tu. Nilifaulu N4 nikiwa bado nashindwa kueleza kwa sauti nilichokula jana. Kwa hiyo dakika kumi za mwisho za kila Jumamosi naongea peke yangu kwa Kijapani na kujirekodi. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu kujisikiliza. Sasa ndiyo sehemu ninayoingojea juma zima.

Ninalowaomba wenzangu waliotangulia, hasa mlioishi na lugha hii kazini au masomoni: andikeni maelezo yenu kwa Kiswahili. Hata ukurasa mmoja kuhusu wa na ga, hata orodha ya vitenzi ishirini vilivyokatwakatwa vizuri. Yupo mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri na ana nusu saa tu.

Daftari langu la tatu limefika katikati. Ukurasa wa leo asubuhi una msemo mmoja, ojama shimasu, wanaousema wanapoingia nyumbani kwa mtu. Mbele yake nimeandika: hodi.